Tuupime Usiku Kabla ya Kununua Mtungi

Katika kliniki zetu za kifua, oksijeni hupimwa mgonjwa akiwa macho, ameketi kitini, saa nne za asubuhi. Kidole huwekwa kwenye kipima oksijeni, namba hutokea, muuguzi huandika 93 kwenye kadi, na sote huridhika. Namba hiyo ni ya kweli, lakini inasimulia habari za saa ile moja. Mgonjwa huyo atarudi nyumbani, atalala saa saba au nane, na katika saa hizo oksijeni yake yaweza kushuka hadi 80 au chini ya hapo bila mtu yeyote kujua, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua.

Hoja ya makala haya ni moja, nayo ina pande mbili. Usiku wa mgonjwa mwenye maradhi sugu ya mapafu unastahili kuulizwa na kupimwa. Na ukishapimwa, jibu lake si lazima liwe mtungi wa oksijeni. Nawaandikia wahudumu wenzangu na wagonjwa kwa pamoja, kwa sababu makosa ya pande zote mbili yanatugharimu. Wapo wagonjwa wanaohitaji oksijeni nyumbani kwa uthibitisho wote wa kitaalamu, nao huruhusiwa kutoka wodini mikono mitupu. Na zipo familia zinazouza ng'ombe au kiwanja ili kununua oksijeni ambayo haitamwongezea mgonjwa wao siku hata moja.

Ugonjwa ninaouzungumzia zaidi ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ndani yake njia za hewa huwa nyembamba, vifuko vidogo vya hewa huharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma hata dawa zikitumiwa vizuri. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu takriban milioni 3.5 mwaka 2021, ukashika nafasi ya nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Kati ya wale unaowaua kabla ya kutimiza miaka 70, karibu asilimia 90 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu sisi hauwapati wavuta sigara peke yao. Wamo akina mama ambao hawajawahi kushika sigara, ila wamepika kwa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha tangu wakiwa wasichana. Wamo pia waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu mapafuni, nao usiku wao hufanana sana na wa hao wengine. Wengi huitwa wagonjwa wa pumu kwa miaka. Wengine hurudishiwa dawa za kifua kikuu ilhali makohozi yao hayana vijidudu.

Kwa nini usiku

Kila mtu alalapo hupumua kwa kina kidogo kuliko awapo macho. Hewa ya ukaa huongezeka kidogo katika damu, oksijeni hupungua kidogo, na mwenye mapafu mazima hadhuriki, kwa kuwa ana akiba. Mgonjwa wetu hana akiba hiyo, na mambo matatu humkuta kwa wakati mmoja.

La kwanza ni jinsi damu inavyobeba oksijeni. Himoglobini huing'ang'ania oksijeni kwa nguvu inapokuwa nyingi, lakini ikishapungua kufikia kiwango fulani huiachia kwa kasi. Mwenye kipimo cha 98 ni kama mtu anayetembea uwandani: akipiga hatua kumi nyuma bado yuko palepale kwa urefu. Mwenye kipimo cha 91 amesimama ukingoni mwa mteremko, na hatua zilezile kumi humfikisha bondeni. Ndiyo maana watu wawili wanaotofautiana kwa namba chache tu mchana wanaweza kuwa na usiku usiofanana hata kidogo.

La pili ni misuli. Mgonjwa wa mapafu sugu hupumua kwa msaada wa misuli ya shingo na kifua. Mwangalie akiwa amechoka utaiona ikifanya kazi. Katika usingizi wa ndoto misuli hiyo hulegea kabisa, na kazi yote huachiwa kiwambo. Lakini kiwambo chake nacho kimesukumwa chini na kubanwa na hewa iliyonaswa mapafuni, hivyo hakina nafasi ya kuvuta sawasawa. Usingizi wa ndoto huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia, na huko ndiko oksijeni huanguka zaidi.

La tatu ni mlalo wenyewe. Mtu akilala chali hewa inayobaki mapafuni hupungua, kikohozi kinachosafisha makohozi hutulia, na baadhi ya sehemu za mapafu hupata damu bila kupata hewa ya kutosha. Wapo pia wagonjwa wenye maradhi mawili kwa pamoja: mapafu sugu, na koo linalojiziba usingizini hadi pumzi ikakatika mara nyingi kwa usiku mmoja. Hawa ndio wanaokoroma kwa nguvu, wakanyamaza ghafla, kisha wakashtuka kwa kuhema.

Upungufu wa oksijeni unaodumu huibana mishipa ya damu ya mapafu. Shinikizo ndani yake hupanda, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kuliko ulivyoumbwa kufanya. Baada ya muda miguu huvimba, ini hujaa, na mwili huongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili mgonjwa hana anachoficha. Usiku ndio unaomfichia, na sisi hatumuulizi.

Namba nayo ina mipaka

Kipima oksijeni cha kidole ni miongoni mwa zana zenye manufaa makubwa katika tiba ya leo. Kanuni yake ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970: mwanga hupitishwa kidoleni, na mapigo ya damu husaidia kutenganisha damu yenye oksijeni na isiyo nayo. Hata hivyo, mwanga huo hupita katika ngozi kwanza. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliosomeka kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi walikuwa na upungufu uliofichika mara karibu tatu zaidi kuliko wagonjwa weupe, pale damu ya mshipa wa ateri ilipopimwa. Kwa nchi ambayo karibu wagonjwa wake wote wana ngozi nyeusi, habari hiyo haipaswi kubaki katika majarida ya wataalamu. Maana yake ni kwamba 92 ya kidole isitupe usingizi mnono, hasa ikiwa mgonjwa ana dalili.

Yapo mengine ya kawaida zaidi. Kidole chenye baridi husoma vibaya. Piko na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga. Urefu wa mahali nao una neno: anayepimwa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huvuta hewa yenye oksijeni hafifu kuliko anayepimwa Dar es Salaam, hivyo namba ya mji mmoja isisomwe kwa macho ya mji mwingine.

Oksijeni inamsaidia nani

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya wengi, wahudumu na familia za wagonjwa vilevile. Yapo mambo tunayoyajua kwa uhakika, na yote yanahusu wagonjwa ambao oksijeni yao iko chini sana hata mchana. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1980 uliwafuatilia wagonjwa 203 wa namna hiyo. Waliopewa oksijeni usiku peke yake, kwa saa takriban 12, walikufa karibu mara mbili ya waliopewa mchana na usiku. Mwaka uliofuata utafiti wa Uingereza ulitoa matokeo ya wagonjwa 87: katika miaka 5, kati ya 42 waliopewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku walikufa 19, na kati ya 45 ambao hawakupewa walikufa 30. Tafiti hizo mbili, ingawa ni za zamani na ni ndogo, ndizo msingi wa kanuni inayofuatwa hadi leo. Mgonjwa aliyetulia, ambaye shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri ni milimita 55 za zebaki au chini yake, apewe oksijeni kwa saa zisizopungua 15 kila siku, usiku ukiwemo. Mwenye 56 hadi 59 naye apewe ikiwa moyo wa kulia umeanza kuelemewa au damu imekuwa nzito.

Je, wale ambao mchana wako salama, na usiku tu ndipo huanguka? Na wale wenye upungufu wa wastani? Kwa hao wa wastani, utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 738, haukuona kwamba oksijeni ya nyumbani ilirefusha maisha au kupunguza safari za kulazwa. Kwa wale wa usiku peke yake, utafiti ulioongozwa kutoka Kanada na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapa wengine oksijeni ya kweli na wengine mashine iliyotoa hewa ya kawaida. Baada ya miaka 3, waliokufa au kufikia hali ya kuhitaji oksijeni ya muda mrefu walikuwa asilimia 39 upande wa oksijeni na asilimia 42 upande wa pili, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Utafiti huo ulikusudia wagonjwa 600 ukapata 243, kwa hiyo haukufunga mjadala. Lakini haukutupa pia haki ya kumwambia mtu auze kiwanja chake.

Mwenzangu mmoja wa taaluma anaweza kusema: oksijeni ni hewa, itamdhuru nani? Itamdhuru yule ambaye mwili wake umezoea hewa ya ukaa nyingi. Huko Tasmania, nchini Australia, wagonjwa 405 waliobanwa na kifua waligawanywa tangu wakiwa kwenye gari la wagonjwa. Wengine walipewa oksijeni ya kasi kama ilivyozoeleka, wengine kipimo kidogo kilichorekebishwa ili wabaki kati ya 88 na 92. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba vifo vya kundi la pili vilipungua kwa zaidi ya nusu. Oksijeni ni dawa. Ina kipimo chake, ina anayeistahili, na ina madhara. Nyumbani inaongeza hatari ya moto: mtungi au mashine isikaribiane na jiko la mkaa, kibatari wala sigara.

Ina gharama pia, na ni vyema kuzihesabu. Mgonjwa anayetumia lita 2 kwa dakika hutumia lita 960 kwa usiku wa saa 8. Mtungi mkubwa wa lita takriban 6,800 humtosha siku saba. Akihitaji saa 15, humtosha chini ya siku nne. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani huondoa safari ya kujaza mtungi, lakini hula umeme. Kwa saa 15 kila siku, mashine ya wati 350 hufikia uniti zaidi ya 150 kwa mwezi, ilhali bei nafuu ya umeme wa nyumba ndogo imewekewa ukomo wa uniti 75. Kwa lugha nyingine, mgonjwa aliye maskini hupandishiwa bei ya umeme kwa kosa la kutaka kupumua.

Kwa nini basi tuupime

Nimewasikia wataalamu wakihoji: ikiwa oksijeni ya usiku peke yake haijathibitishwa kusaidia, kupima usiku kuna faida gani? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba oksijeni si jambo pekee linaloweza kubadilishwa. Kipimo cha usiku humfichua anayekatika pumzi kwa koo kujiziba, ambaye tiba yake ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, kupunguza uzito na kuacha pombe. Humfichua anayemeza diazepamu kila jioni kwa sababu halali vizuri, kumbe dawa hiyo inazidi kumzimia pumzi. Humfichua yule ambaye 93 yake ya asubuhi ilitudanganya, tukamrudisha kupimwa damu ya ateri. Na humwokoa yule ambaye usiku wake ni shwari asinunue mtungi kwa hofu tu.

Sisemi kila mgonjwa apimwe. Apimwe mwenye 92 au chini ya hapo mchana, na mwenye dalili: kichwa kinachouma kila aamkapo na kutulia jua likipanda, usingizi unaomlemea mchana, kushtuka usiku akikosa hewa, kulala ameketi, miguu kuvimba. Kwa ngozi zetu, rangi ya bluu itafutwe kwenye ulimi na ndani ya midomo.

Wala hatuhitaji kungoja maabara za usingizi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ikiwa na vipima oksijeni viwili vinavyohifadhi kumbukumbu za usiku mzima, mgonjwa anaweza kuazimwa kimoja jioni na kukirudisha asubuhi. Kinachotafutwa ni jepesi kueleza: ni sehemu gani ya usiku aliyokaa chini ya 90. Ikifika theluthi moja hivi, hapo pana jambo la kushughulikia. Pasipo na kifaa hicho ipo njia ya chini zaidi: mgonjwa aliyelazwa apimwe pia saa tisa za usiku akiwa usingizini, na namba hiyo iandikwe kando ya ile ya asubuhi. Kipima kipo wodini, muuguzi yupo, gharama haipo.

Yanayofuata baada ya kipimo huanza na mambo ya kawaida yanayopuuzwa. Mgonjwa aonyeshe mbele yetu jinsi anavyotumia dawa yake ya kuvuta, maana wengi huipulizia kooni na si mapafuni. Aache sigara, na aliye naye nyumbani aache pia. Moshi utoke jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo mwaka 2034. Sisi wa kliniki za kifua tungeomba kaya zenye mgonjwa wa mapafu ziwe mbele ya foleni hiyo.

Kwa wale wachache ambao oksijeni ya nyumbani ni haki yao kitabibu, hospitali iwe na mashine za kuazima, na umeme wao usihesabiwe kama anasa. Wakati wa UVIKO-19 mitambo ya kuzalisha oksijeni ilisimikwa katika hospitali nyingi, na mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipanue upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Oksijeni imefika ukutani mwa wodi. Haijafika kitandani nyumbani kwa yule ambaye tafiti za miaka zaidi ya 40 zimesema ataishi zaidi akiipata.

Kwako mgonjwa, usingoje kuulizwa. Mwombe unayelala naye nyumba moja akusikilize usiku mbili tatu: unakoroma, unanyamaza, unashtuka? Yaandike, ulete kliniki pamoja na dawa zote unazomeza, hata za usingizi ulizonunua mwenyewe. Ukiambiwa ununue oksijeni, uliza kwa upole: nimepimwa damu ya ateri? Nimepimwa mara mbili, majuma kadhaa yakiwa yamepita, nikiwa nimetulia? Niitumie kwa lita ngapi, kwa saa ngapi? Ukishapewa kipimo, usikiongeze kwa kuwa umebanwa, njoo hospitali. Na kwako mhudumu, maswali hayo yasikukere. Ni yaleyale ambayo kadi ya mgonjwa ingepaswa kuwa imeyajibu kabla hajauliza.